Mchuzi kwenye kanzu ya Idi

SWALI: Shangazi shikamoo, siku ya Idi mtoto kamwagia kanzu nyeupe ya babake mchuzi wa binzari, nikapaka sabuni ya kipande doa likageuka jekundu kama damu! Nimeiharibu? Na wiki ijayo tuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani. Mama wawili, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, hujaiharibu. Binzari ikikutana na sabuni ya kufulia inageuka nyekundu, ukisuuza vizuri inarudi njano, wengi wanashtuka hapo wanaanza kusugua kwa nguvu na ndo wanachakaza kitambaa. Toa mafuta kwanza: tia sabuni ya maji ya vyombo upande wa nyuma wa doa, acha dakika 15, suuza na maji baridi. Halafu anika ikiwa bado mbichi, doa litazame jua, jua ndo dawa yenyewe maana rangi ya binzari haivumilii mwanga, rudia siku mbili tatu utaona linafifia lenyewe. Pasi usipige kabla halijatoka, nakuomba sana, joto linaligandisha. Ila gomesi ya hariri, lile gauni la kina mama la sherehe, usiianike hivyo, itapauka, na jiki usiisogeze karibu kabisa.