Ukifika Kinosaki, Japani, usiogope kuoga na wenzako

Dada, umeuliza kama mgeni anaweza kuingia kwenye maji ya moto ya Kijapani, onsen, bila nguo na asiaibike. Anaweza kabisa. Wanawake wana upande wao, wanaume wao, na hakuna anayekukodolea macho.

Shika hili: bwawani si mahali pa kujisafishia. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia. Kile kitaulo kidogo kisiguse maji. Wenyeji hukikunja wakakiweka kichwani. Mara yangu ya kwanza bibi mmoja alinisogezea kigoda na kunionyesha yote kwa ishara. Mpaka leo namshukuru.

Mimi ningekupeleka Kinosaki, mji wa maji ya moto, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni kutoka mji wa Kyoto. Kunajulikana kwa nyumba zake 7 za kuogea, na jioni wageni hutembea mtaani wamevaa yukata, yaani joho jepesi la Kijapani linalofungwa kwa mkanda. Ukivaa yako, upande wa kushoto ulalie juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Na kama una tatuu, uliza kabla ya kulipa, maana sehemu nyingi Japani hawaruhusu.