Mnyanya hauna mwili

SWALI: Nasomea kilimo Morogoro. Kichwa cha ripoti yangu ni "Uchunguzi wa Sifa za Kimwili za Mimea ya Nyanya Pori kwa Ajili ya Uhifadhi". Mwenzangu anashikilia niseme "nyanya mwitu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote. Mwitu ni msitu kwa Kiswahili cha kale, na bado tunalo katika mbwamwitu. Mimi ningechukua pori, maana jamaa nyingi za nyanya hizi kwao ni miteremko ya milima ya Andes, Amerika Kusini, na pwani kame ya Peru, si msituni.

Lakini hiyo "sifa za kimwili" umeipitaje bila kushtuka? Mwili ni wa mtu na mnyama. Kimwili lina kazi zake tangu zamani: adhabu ya kimwili, tamaa za kimwili, uhusiano wa kimwili, na mwenzake ni kiroho. Ukiniambia mnyanya una sifa za kimwili, nitakudai na za kiroho. Najua lilikotoka: mtu kafungua kamusi ya lugha mbili kutafuta "physical" ya Kiingereza, kachukua maana ya kwanza, kafunga. Sasa limejaa kwenye ripoti: sifa za kimwili za udongo, za maji, hata za mawe!

Chukua Solanum habrochaites, mnyanya pori wa Ecuador na Peru. Shina lake limejaa vinyweleo, vingine vikitoa utomvu unaonata unaowatatiza wadudu wadogo. Wataalamu wanauchunguza kwa sababu hiyo hasa, wakitafuta kinga dhidi ya kantangaze, mdudu wa Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Tunda lake hubaki kijani hata likiiva, nalo lina manyoya. Mpe mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, mche huo aueleze. Atasema shina lina manyoya, jani linanata, tunda halibadiliki rangi. Neno mwili halitamtoka, kwa kuwa anaujua mnyanya na anaijua lugha yake. Na mbegu ikiingia benki ya mbegu, maelezo kama hayo ndiyo yatakayomsaidia mtafiti wa kesho kujua ameshika nini mkononi. Yakiandikwa ovyo, naye atapotea.

Neno unalolitafuta ni maumbile, kutoka kitenzi umba: urefu wa shina, mikato ya jani, ukubwa wa tunda na rangi yake, yote yamo humo. Wapo wanaolikwepa kwa sababu hutumiwa kama tafsida ya sehemu za siri. Wasilikwepe, mbele ya mmea hakuna atakayekosea.

"Mimea ya nyanya" nayo, ilhali tuna minyanya kama tulivyo na miembe na michungwa? Hilo nimelipigia kelele miaka mingi hadi nimechoka, na ukiliacha sitakugombeza. Ila kichwa kingekuwa changu, ningeandika: "Uchunguzi wa Maumbile ya Minyanya Pori kwa Ajili ya Uhifadhi".