Nyuki wakigawana mzinga, wanaangalia undugu?

Umeuliza kama kundi la nyuki likigawanyika, nusu wakahama na wengine wakabaki na malkia mpya, yule anayebaki mzingani anabaki kwa sababu malkia mpya ni dada yake wa baba mmoja. Kwa hesabu ilitakiwa iwe hivyo kabisa, maana ukimsaidia ndugu wa karibu unasambaza jeni zako mwenyewe, na malkia anapandwa na madume kama 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo humo ndani wote mama mmoja ila baba tofauti, na dume ana seti moja tu ya jeni so wale wa baba mmoja wanafanana jeni kwa 75%, wa baba tofauti 25% tu. Tofauti kubwa hiyo! Mama mzee ndo anaondoka na kundi, karibu robo tatu ya vibarua (nyuki wafanyakazi) wanamfuata, binti anarithi nyumba.

Sasa watafiti wa nyuki Rangel, Mattila na Seeley walilipima hilo kwa DNA, wakatoa majibu 2009: hamna upendeleo. Awe dada wa baba mmoja na malkia mpya au wa kambo, nafasi ya kubaki ni ileile. Kuna tafiti za zamani zilidai nyuki wanajitenga kiukoo lakini mi hii naiamini zaidi, imepima kitu chenyewe.

Sababu? Nadhani ni harufu, wote wanaishi kwenye nta moja wanagusana kutwa, harufu zinachanganyika, utamjuaje wa baba yako? Na wakianza ukabila humo ndani kazi italala, asali itatoka wapi