Mstari hafifu kwenye kipimo cha siliaki, na simu inasema 85%

SWALI: Nina maabara ndogo Kisauni, Mombasa. Nimeanza kutumia vipimo vya haraka vya damu ya kidole vya siliaki (ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano), pamoja na programu ya simu inayosoma mistari kwa kamera. Nimepima mtoto wa miaka 7, himoglobini 8.9, aliyemeza dawa za madini ya chuma miezi 3 bila damu kupanda. Choo hakina minyoo. Mstari wa T (wa matokeo) umetokea hafifu mno, na programu ikaandika "chanya, 85%". Mamake alimwachisha ngano wiki 3 zilizopita baada ya kusoma kwenye intaneti. Nimwandikie kuwa ana siliaki?

JIBU: Usimwandikie hivyo bado. La kwanza, mwambie mama amrudishie mtoto ngano leo hii. Kingamwili unazozitafuta hutengenezwa kwa sababu ya gluteni. Ikikatwa, zinaanza kushuka, na baada ya miezi kadhaa hata damu ya mgonjwa halisi inaweza kusoma safi. Huenda huo uhafifu ulioona ni mstari ulioanza kufifia. Mstari wowote wa T uliotokea ndani ya muda ulioandikwa, hata uwe kama uzi, ni chanya, mradi mstari wa C (wa udhibiti) upo.

Lakini uliutazama dakika ya ngapi? Vipimo vingi vya aina hii husomwa dakika ya 10 au karibu na hapo. Ukipitisha muda, ukanda unapokauka huweza kuacha kivuli kinachofanana na mstari. Joto na unyevu wa Mombasa nao una mchezo wake. Boksi likiwa kwenye friji, toa pakiti nusu saa kabla na uiache imefungwa mpaka ubaridi uishe. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa yetu hutoa umande juu ya ukanda, na damu haitapanda sawasawa. Boksi nyingi huruhusu hadi nyuzi 30, kiwango ambacho chumba kisicho na feni adhuhuri ya Machi hukipita, sembuse buti ya gari. Futa tone la kwanza la damu, chukua la pili, wala usikamue kidole: ukikamua unachanganya maji ya mwilini na damu.

Mstari wa C usomee karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kwenye aina fulani unaonyesha tu kwamba maji yamepita. Kwenye nyingine unategemea IgA (aina moja ya kingamwili) ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ukikosekana, usikimbilie kutupa ukanda ukidhani ni mbovu. Huenda huyo mtu hana IgA. Kati ya wagonjwa wa siliaki, 2 hadi 3 katika 100 wako hivyo, na kipimo cha IgA peke yake hakiwaoni.

Sasa hiyo 85%. Fungua maelezo ya programu uone ni asilimia ya nini. Programu ya kusoma ukanda hulinganisha rangi ya mstari na weupe ulio pembeni yake, na mara nyingi namba inayotoa ni uhakika wake kwamba mstari upo. Haijui himoglobini ya mtoto wala kwamba ameacha chapati. Taa ya njano, kivuli cha mkono au mng'ao wa flashi vinatosha kuibadilisha. Piga picha kwa mwanga wa dirishani, simu ikiwa juu wima, flashi imezimwa, na hakikisha programu imetengenezewa aina hiyo hiyo ya ukanda.

Uwezekano wa ugonjwa ni hesabu nyingine. Tuchukue, kwa mfano tu, kipimo kinachokamata wagonjwa 90 katika 100 na kuwasingizia wazima 5 katika 100. Pima watu 1,000 ambao 10 kati yao wana siliaki, yaani 1%, kiwango cha Ulaya: utapata chanya 59 hivi, za kweli 9 tu. Pima 1,000 walioteuliwa, tuseme 50 wanao: chanya 93 hivi, za kweli 45. Ukanda ni ule ule. Hapo ndipo kompyuta inapokusaidia hasa, kuchambua rejista yako na kutoa majina ya wa kupimwa: upungufu wa damu usiosikia dawa, kisukari cha aina ya 1, ugonjwa wa thairoidi, ugonjwa wa Down, mtoto asiyekua, ndugu wa damu wa mgonjwa. Lahajedwali ya kawaida inatosha. Mtoto wako amo kwenye kundi hilo, kwa hiyo ukanda wake haupuuzwi.

Chukua damu ya mshipa sasa, upeleke seramu (maji ya damu) ipimwe tTG-IgA, yaani kingamwili za siliaki za aina ya IgA, pamoja na IgA jumla. IgA ikiwa chini, omba tTG-IgG au DGP-IgG, vipimo vya siliaki vinavyotumia kingamwili za aina nyingine, IgG. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 unamruhusu daktari wa watoto kuthibitisha bila bayopsi (kukata vipande vya utumbo vichunguzwe) endapo tTG-IgA imefika mara 10 ya kikomo cha juu cha maabara ile na EMA (kingamwili nyingine ya siliaki) iko chanya kwenye damu ya pili. Chini ya hapo ni endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni), vipande visivyopungua 4 kutoka sehemu ya mbali ya duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na 1 kutoka mwanzo wake. Tafuta jiadia (kimelea cha utumbo) pia, maana nayo hunyausha utumbo.

Seramu ikirudi safi, rudia baada ya wiki 6 hadi 8 za ngano kila siku. Unga wa gramu 50 wa chapati moja una gluteni ya gramu 4 hivi, basi moja kwa siku yatosha. Mama usimuulize "anakula ngano?" Taja vyakula: mahamri, kaimati, sambusa, tambi, biskuti, na viazi karai, ambavyo unga wake mara nyingi ni wa ngano. Wali wa nazi, muhogo, ugali na vitumbua vya mchele havihesabiwi, na nyumba inayoishi kwa hivyo inaweza kukupa ukanda safi kwa mtoto mgonjwa.