Git ndani ya skripti: jina moja, maana mbili

SWALI: Skripti yangu ya Bash ina mstari git diff $jina. Kwa miezi ilienda vizuri, ila jana imegoma na kudai jina "ripoti" lina utata. Kosa liko wapi?

JIBU: Bila shaka una faili linaloitwa ripoti na tawi (branch, yaani mkondo wa kazi wa pembeni) lenye jina hilohilo. Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya mafaili, haikisii hapo; inasimama. Mtu akiwa kwenye terminali atasahihisha, skripti haiwezi. Tenganisha kwa vistari viwili:

git diff -- "$jina" (ni faili)
git diff "$jina" -- (ni tawi)

Kanuni ni hii: machaguo (options, kama --amend) kwanza, kisha matawi au komiti (commit, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa), mwisho mafaili. Vistari hivyo vinasaidia pia faili likiwa limefutwa kwenye folda, maana bila hivyo Git hulalamika kuwa hailijui. Alama za nukuu nazo usiziache, la sivyo "ripoti mpya.txt" itasomwa kama majina mawili.

Jina la tawi likitoka kwa mtumiaji, linaweza kuanza na kistari na kugeuka chaguo. Tangu Git 2.24 unaweza kutanguliza --end-of-options kabla ya jina hilo, alama ya kuwa machaguo yameisha.

Machaguo yaandike kamili. Git hukubali --amen badala ya --amend, lakini toleo jipya likileta chaguo linalofanana, skripti inakwama.

Na kama unasoma matokeo ya git status kwa grep (amri ya kutafuta maneno), acha! Tumia git status --porcelain -z; mpangilio wake haubadiliki kiholela.