Mlango wa Mashine Ukiwa Wazi, Usiwashe

Katika karakana nilizofanyia kazi mjini Kisumu, ambako tunakereza bushi (vipande vya mviringo vyenye tundu, vinavyoshika shafti) na shafti za viwanda vya sukari, mashine zinazoongozwa na kompyuta huwa na swichi mlangoni inayozuia spindeli, yaani mhimili unaozungusha chuma kinachokerezwa, kuzunguka mlango ukiwa wazi. Mara kwa mara nimezikuta swichi hizo zimezimwa kwa hila: ufunguo wa akiba umechomekwa humo daima, au sumaku imefungwa kwa utepe, ili swichi ione kana kwamba mlango umefungwa. Anayefanya hivyo kwa kawaida si mzembe, bali ni fundi hodari anayetaka kuona kisu kinapogusa chuma, au aliyechoshwa na kusimamisha kazi kila mara ili aondoe nyuzi za chuma.

Fundi huyo amezoea mashine ya mkono, ambayo kisu chake husogea pale tu anapozungusha gurudumu mwenyewe. Mashine ya kompyuta hutii programu, na kisu kilichotulia huweza kuruka ghafla kikabana mkono uliokuwa ukifuta chembe. Taya zinazobana chuma kwenye spindeli, zikiwa na kipenyo cha milimita 200, zikizunguka mara 2000 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa takriban kilomita 75 kwa saa, na mwendo ukiongezwa maradufu nguvu ya kuzitupa nje huwa mara nne. Kipande kisichobanwa sawasawa kikichomoka, kinachobaki kati yake na kifua cha fundi ni mlango ule. Nyuzi ndefu za chuma nazo hunasa mkono wa shati na kumvuta mtu ndani. Glovu huzidisha hatari hiyo, kwa hiyo usizivae karibu na kitu kinachozunguka.

Kwa msimamizi, nasema kwamba karipio halitoshi ikiwa sababu ya kufungua mlango inabaki palepale. Kama nyuzi zinajikusanya, badilisheni kisu au kasi ya kulisha, yaani kasi ya kisu kusogea kwenye chuma, ili zikatike fupi, na elekezeni vizuri maji ya kupoza. Kama fundi anahitaji kupima, programu iwekewe mahali pa kusimama, naye asubiri spindeli isimame kabisa. Kwa kupanga kazi mpya, tumieni hali ya maandalizi iliyowekwa na mtengenezaji, yenye mwendo mdogo na kitufe kinachosimamisha kila kitu kikiachiliwa. Dirisha la mlango, la polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), hudhoofishwa na mafuta na maji ya kupoza hata likiwa bado linapitisha mwanga, hivyo libadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga chuma chochote, fungua mlango kisha ujaribu kuwasha spindeli. Ikizunguka, mashine hiyo isitumike hadi fundi wa umeme aikague.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mtu yeyote kuharibu kwa makusudi kifaa cha usalama, awe mwajiri au mwajiriwa. Sheria hiyohiyo inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na haimruhusu mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ikiendelea. Kijana anayeambiwa leo aendeshe mashine yenye swichi iliyofungwa sumaku na amweleze msimamizi hivyo, mbele ya wenzake, kisha aandike tarehe na saa katika daftari la mashine.