Kiwanda kinalipa SDL, mbona bosi hataki kunisomesha?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam, huu mwaka wa sita, cheo ni kile kile. Nilimwomba bosi anilipie kozi ya ununuzi, akanijibu kwamba kujiendeleza ni juu yangu. Lakini kiwanda kinalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, kila mwezi kwa ajili yetu. Siwezi kuidai? Pia kuna semina ya siku mbili hotelini, laki nne na nusu, wanatoa cheti cha kimataifa cha ofisa ununuzi. Nikope niende?

JIBU: Usikope, ndugu yangu.

SDL haikatwi kwenye mshahara wako. Ni tozo ya mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, inapigwa kwenye jumla ya mishahara anayolipa. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Inakwenda TRA. Hakuna fungu lenye jina lako humo, kwa hiyo hapo huna dai.

Bosi naye amesema nusu tu ya ukweli. Kuchagua njia, kusoma usiku na kukaa kwenye mtihani ni juu yako. Ila nafasi ya kuifanya hiyo kazi ukiwa bado unajifunza anayo yeye, na haiuzwi popote. Wengi mnaomba ada, mkinyimwa mnanuna, basi. Omba kazi! Mwandikie barua akuruhusu nusu siku kwa wiki ukae ofisi ya ununuzi: ukusanye profoma tatu za vipuri, yaani bei ambazo wauzaji wanatoa kabla hujanunua, ulinganishe bei, muda wa kufikisha na dhamana, uandike pendekezo, ofisa akusahihishe. Wewe ndiye unayejua ni msambazaji gani analeta boksi 48 huku hati inasoma 50. Ofisi ile inalihitaji hilo, na barua yako haimgharimu bosi ada yoyote. Akikataa, itabidi atoe sababu.

Sasa hiyo semina. Kazi ya ununuzi na ugavi Tanzania ina bodi iliyowekwa kisheria, PSPTB, yenye usajili wake na mitihani yake hadi CPSP, ngazi ya mtaalamu kamili wa ununuzi na ugavi. Cheti cha siku mbili hakikuvushi hata ngazi moja. Napokea wasifu wa kazi wenye vyeti hivi vimepangwa mstari, muhuri wa dhahabu na sahihi ya mtu asiyejulikana. Nikimuuliza mwenyewe profoma na ankara zinatofautianaje, kimya. Na si kwenye ununuzi tu. Usalama kazini, usimamizi wa miradi, rasilimali watu, kote waandaaji wa semina kama hizi wamejaa. Kuna waajiri wanaopeleka watu huko kwa hiari yao, kwa sababu ni rahisi na picha inapendeza kwenye ripoti ya mwaka, halafu wanajisifu kwamba wanaendeleza wafanyakazi. Muulize mwandaaji: mtihani unasimamiwa na nani, na bodi gani inautambua? Akianza kukuonyesha picha za majoho, mwage.

Bosi akilegea akakubali kulipa ada ya PSPTB, huenda akataka usaini mkataba wa kubaki miaka kadhaa. Angalia humo kama deni la ada linapungua kadiri unavyotumikia. Kama ukiondoka mwezi wa mwisho bado unadaiwa ada nzima, kataa kipengele hicho kabla ya kusaini.